Adui wa Nusu Saa

Mwaka 1973, televisheni ya BBC ya Uingereza ilimwonyesha nahodha wa nyambizi ya Kijerumani akiwa mateka mikononi mwa kikosi cha mgambo. Kipindi kilikuwa Dad's Army, vichekesho kuhusu wanaume ambao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hawakufaa kwenda mstari wa mbele, wengi kwa sababu ya uzee, wakabaki kulinda mji wao mdogo wa pwani. Nahodha yule anaandika daftarini majina ya wote wanaomkosea heshima, ili Ujerumani ikishashinda aje awalipize. Pike, kijana mdogo kuliko wote kikosini, anaanza kuimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Nahodha anamgeukia na kumuuliza jina lake. Kijana hajafungua mdomo, mkuu wa kikosi, Kapteni Mainwaring, anawahi kumkataza: "Usimwambie, Pike!"

Waingereza wanaucheka mzaha huo mpaka leo. Lakini ukiitazama Dad's Army yote, sehemu 80 zilizorushwa kati ya 1968 na 1977, utaona kwamba Wajerumani ni nadra sana kutokea. Anayemkosesha Mainwaring usingizi ni Hodges, muuza mboga aliyepewa kofia ya chuma na kazi ya kuhakikisha watu wamezima taa usiku ndege zisiuone mji. Hodges anafoka, anagombania ukumbi wa kanisa, anamwita Mainwaring "Napoleon". Hitler yuko ng'ambo ya bahari na majeshi yake yote. Hodges yuko mlangoni, tena ameshaanza kugonga. Kwa sitkomu, huyo wa mlangoni ndiye mwenye uzito.

Sitkomu ni vichekesho vya televisheni ambavyo watu ni walewale, mahali ni palepale, na kila wiki linazuka balaa jipya. Ile ya kundi haina steringi mmoja. Kuna baa, ofisi, kituo cha polisi au hospitali ya jeshi, na humo watu sita, saba au wanane wanaogawana kicheko. Kuwatengenezea adui watu wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Wengi wanaoorodhesha wabaya wa televisheni huikosea kwa sababu wanatumia mizani ya filamu: huyu kafanya maovu kiasi gani? Kwa mizani hiyo Hodges si lolote si chochote, na hali kadhalika karibu kila mbaya aliyewahi kupendwa katika sitkomu.

Filamu ina mwisho. Adui anajikusanyia nguvu, steringi anapigwa mpaka tunakata tamaa, kisha mmoja anaanguka na taa za ukumbi zinawashwa. Sitkomu hufa mkataba unapokwisha, na kabla ya hapo haitakiwi kufika popote. Kwa miaka mingi vituo vikubwa vya Marekani viliagiza sehemu 22 au zaidi kwa msimu, kila moja ikikaa ndani ya nusu saa ambayo matangazo ya biashara huimega dakika nane hivi. Hali ya wiki iliyopita lazima iwe bado ipo wiki ijayo: baa iwe wazi, ofisi iwe na watu, wasiopatana waendelee kukaa meza moja. Sasa mwingize adui humo. Akishinda, baa inafungwa na kipindi kimekufa. Akishindwa moja kwa moja, anaondoka, na waandishi wamempoteza mtu waliyemtengeneza kwa jasho. Kwa hiyo anaishi kwenye ujia mwembamba sana: asishinde, asishindwe, na bado kila akiingia tuamini kwamba leo huenda mambo yakaharibika.

Halafu kuna shida ya pili, ambayo ni kubwa zaidi. Lazima tutamani arudi. Katika tamthilia ya machozi, tukimchukia mbaya kisawasawa, mwandishi amefanya kazi yake. Katika sitkomu mtazamaji akimchukia mtu kikwelikweli, anabadilisha stesheni. Huyu ni mtu anayekaribishwa sebuleni baada ya kazi, mwili umechoka. Hakuna anayetaka kukaa na chuki halisi saa hiyo.

Waandishi wazuri hutoka katika mtego huo kwa kuacha kujiuliza adui huyu ataliumiza kundi vipi. Wanajiuliza swali dogo zaidi: anamgusa nani, na huyo akiguswa anatoka na nini ambacho wenzake hawajawahi kukiona?

Mtazame Kapteni Raymond Holt wa Brooklyn Nine-Nine, sitkomu ya kituo cha polisi New York iliyoonyeshwa kuanzia 2013 hadi 2021. Holt, aliyeigizwa na marehemu Andre Braugher, ana uso mkavu kama ubao. Furaha na msiba anavitangaza kwa sauti ileile. Mhusika kama huyo ni zawadi, lakini pia ni mzigo, maana asiyetikisika utamtikisaje kwa misimu 8? Katika msimu wa pili waandishi wakamleta Madeline Wuntch, aliyeigizwa na Kyra Sedgwick: mkubwa wake kazini na mhasimu wake wa miaka mingi. Ghafla mzee yule mwenye heshima zake anageuka malenga wa malumbano. Anachonga matusi ya kisomi, anachezea jina la mwenzake kwa kila namna, na tusi likikolea anaonekana wazi kujipongeza. Vijana wake wanabaki vinywa wazi. Ukiyahesabu maovu ya Wuntch, hayazidi fitina za kiofisi za kila siku: kubana, kuhamisha, kunyima. Lakini bila yeye tusingejua kwamba ndani ya Holt kuna mtoto wa shule anayetaka kushinda ugomvi wa uwanjani.

Mlinganishe na adui mwingine wa kipindi hichohicho, mpelelezi anayeitwa The Vulture, yaani Tumbusi, ambaye kazi yake ni kusubiri wenzake wamalize jasho lote la upelelezi kisha aje kuichukua kesi wakati imebaki kumfunga mtu pingu tu. Anachekesha, sikatai. Lakini anamuudhi kila mtu kwa namna moja, na ukishamwona mara mbili umemmaliza. Adui wa wote huishia kutokuwa wa mtu.

The Office ya Marekani (2005–2013) ilikwenda mbali zaidi kwa kuleta adui ambaye hana kosa. Kwa misimu minne na ushee tulikuwa upande wa Jim Halpert, kijana mwerevu anayeuza karatasi bila kuipenda kazi, anayemfanyia visa jirani yake wa meza, Dwight, kisha anatupia jicho kamera kama anayesema, mnaona vituko hivi? Machi 2009 akaja bosi mpya, Charles Miner, aliyeigizwa na Idris Elba. Siku aliyoingia, Jim alikuwa amevaa suti ya sherehe na tai ya kipepeo ili kumkejeli Dwight aliyekuwa amelalamikia mavazi ya kazini. Charles akamuuliza kwa utulivu kwa nini amevaa hivyo. Jim hakuwa na jibu. Maelezo yote ambayo sisi watazamaji tuliyaona ya kuchekesha, yakisemwa kwa sauti mbele ya mtu mzima, yanakuwa upuuzi.

Charles hakufanya hila yoyote. Alitaka watu wafanye kazi waliyoajiriwa kuifanya. Lakini alikaa kwa sehemu chache tu, na katika muda huo mfupi alifichua kitu ambacho Dwight kwa kelele zake zote asingeweza kukifichua: haiba ya Jim inahitaji bosi mpumbavu ili ing'are. Mpe bosi mwenye akili timamu, naye anageuka mfanyakazi mvivu anayejikanyaga. Kwa maoni yangu hakuna adui wa sitkomu aliyefanya kazi kubwa kwa muda mfupi kiasi hicho, na alifanya hivyo kwa kuwa na haki.

Katika ofisi hiyohiyo kuna Toby Flenderson, afisa rasilimali watu, mpole, sauti ya chini, mabega yameinama. Aliyemwigiza, Paul Lieberstein, alikuwa pia miongoni mwa waandishi na waendeshaji wa kipindi. Toby hajamkosea Michael Scott, meneja wa tawi, kitu chochote. Michael anamchukia kwa moyo wote. Ukichunguza utaona sababu: Michael anataka ofisi iwe familia, na Toby ndiye mtu ambaye kwa cheo chake anamkumbusha kwamba hiyo ni ofisi. Mwishoni mwa msimu wa nne Toby alihamia Costa Rica na Michael akashangilia. Msimu uliofuata akaenda kwenye meza ile ya pembeni na kumkuta Toby amerudi, akapiga mayowe ya "Hapana!" mfululizo kama aliyeona jini. Katika sehemu hiyo hiyo anajaribu kumbambikia Toby dawa za kulevya, na kile alichouziwa akidhani ni bangi kinagundulika kuwa saladi.

Basi hapo mbaya ni nani? Michael anaamini kabisa ni Toby. Sisi tunamwona Michael akimbambikia mtu asiye na hatia. Kicheko kinatoka kwenye pengo lililopo kati ya macho yake na yetu. Ndiyo maana namwona adui wa sitkomu kama kiti alichowekewa mtu na macho ya mwenzake. Anaweza kukikalia malaika na kisa kikaenda vizuri tu.

Lakini mfano unaonishughulisha kuliko yote ni wa zamani zaidi, kwa sababu ndani yake tunaona adui wa aina moja akiondolewa na wa aina nyingine akiwekwa palepale, kila kitu kingine kikibaki karibu kama kilivyokuwa. Ni M*A*S*H, kuhusu hospitali ya jeshi la Marekani katika Vita vya Korea. Vita vyenyewe vilichukua miaka 3, kuanzia 1950 hadi 1953. Kipindi kilidumu misimu 11, kuanzia 1972 hadi 1983.

Kwa misimu mitano ya mwanzo adui ndani ya hema alikuwa Meja Frank Burns, aliyeigizwa na Larry Linville. Frank alikuwa kila kitu ambacho madaktari wenzake, Hawkeye Pierce na Trapper John, baadaye B.J. Hunnicutt, hawakuwa. Anasujudia vyeo na kanuni. Anahubiri maadili huku ana mke nyumbani na hawara kambini, nesi mkuu Margaret Houlihan. Kubwa kuliko yote, ni daktari mbovu wa upasuaji, na mahali ambapo vijana wanafika wakivuja damu hilo ni kosa lisilosameheka. Waandishi walihakikisha hakuna kitu hata kimoja cha kumtetea.

Na hapo ndipo ukuta ulipokuwa. Frank alikuwa anashindwa kila wiki. Hawkeye alimshinda akiwa na glasi mkononi, akiwa na usingizi, akiwa anawaza jambo jingine. Mzaha wa kwanza ulikuwa mtamu, wa hamsini ukawa desturi, na baada ya hapo jambo la ajabu likaanza kutokea: uonevu ukahama upande. Wanaume wawili hodari wanaokula njama kila siku dhidi ya mwenzao mjinga, asiye na rafiki, hawaonekani tena kama mashujaa. Hali ikawa mbaya zaidi katika msimu wa tano, pale Margaret alipochumbiwa na afisa mwingine na Frank akabaki peke yake, bila hata wa kunong'ona naye. Linville aliondoka 1977 mkataba wake ulipokwisha, akiona mhusika wake ameshafika mwisho wa njia. Nadhani alikuwa sahihi. Mtu aliyeumbwa bila chembe ya wema hawezi kukua. Anaweza kurudiwa tu.

Akaja Meja Charles Emerson Winchester wa Tatu, David Ogden Stiers. Mtoto wa familia ya kitajiri ya Boston, msomi wa Harvard, shabiki wa muziki wa kale wa Ulaya, na mwenye dharau inayotoka puani. Alifika kambini kwa sababu mkubwa wake Tokyo alikuwa anadaiwa naye fedha za mchezo wa karata na hakutaka kumlipa. Kazi yake kundini ni ileile ya Frank: awaudhi wenzake wa hema, ajione bora, apinge fujo zao. Tofauti ni moja tu, nayo ilibadilisha kipindi chote. Winchester ni daktari hodari, na katika baadhi ya mambo amewazidi.

Sasa Hawkeye hawezi tena kushinda akiwa amelala. Akitupa neno, linarudi likiwa na makali zaidi. Akiandaa kisa, naye anaandaliwa. Na kwa kuwa adui ana uwezo, anaruhusiwa kuwa na haki mara mojamoja, jambo ambalo Frank hakuwahi kuruhusiwa. Kuna sehemu ya Krismasi ya mwaka 1980 ambapo Winchester anaonekana bahili: wenzake wanachangia chakula kwa ajili ya watoto yatima, yeye anatoa kitu duni. Hawajui kwamba usiku amepeleka kwa siri chokoleti za bei ghali kwenye kituo cha yatima, maana mila ya familia yao inataka sadaka ya aina hiyo isijulikane imetoka kwa nani. Baadaye anagundua chokoleti zile zinauzwa kwa magendo. Anamvaa msimamizi wa kituo kwa hasira. Msimamizi anakiri ameziuza, kisha anaeleza: chokoleti zingekuwa furaha ya dakika moja, fedha zake zimenunua mchele na kabichi za siku nyingi. Winchester ananywea. Anasema ni yeye anayepaswa kuomba radhi, kwamba ni makosa kumpa kitinda mlo mtoto ambaye hajala mlo.

Ukiitazama sehemu hiyo, angalia inavyosukwa. Majivuno yake hayafutwi. Ni majivuno yaleyale ya kitajiri yaliyomfanya afikirie chokoleti badala ya mchele, na ni mila ileile ya kitajiri iliyomfanya aifiche sadaka na kukubali wenzake wamwone bahili. Ubaya wake na wema wake vina mzizi mmoja. Hii ndiyo siri ambayo waandishi wengi wanaotaka kumlainisha adui wanaikosa: wanamwongezea wema kutoka nje, kama kiraka, mbwa wa kupenda au mama mgonjwa, wakati ulipaswa kuchimbwa palepale kwenye kasoro.

Palikuwa na gharama. Winchester alivyozidi kueleweka, na Margaret naye alivyozidi kuwa mtu kamili, kambi ilianza kuishiwa na wa kugombana naye. Katika misimu ya mwisho adui aliyebaki alikuwa vita vyenyewe, na vita havitoi kicheko kwa urahisi. Wapo wanaosema M*A*S*H ilipoteza meno, nami nakiri kuna jioni ninamkumbuka Frank Burns na ujinga wake safi. Mbaya anayeeleweka kabisa hawezi tena kukuchekesha kwa namna ileile.

Ndiyo maana wengine huchagua kutomaliza mapema, na dawa yao ni kipimo. Brooklyn Nine-Nine ilikuwa na Doug Judy, mwizi wa magari aliyeigizwa na Craig Robinson. Anakamatwa kwa kosa jingine, anajitolea kumsaidia mpelelezi Jake Peralta kumpata mwizi sugu wa magari ya Pontiac, halafu inakuja kugundulika mwizi mwenyewe ndiye yeye, wakati huo ameshatoroka. Jake anampenda mno kumkamata vizuri. Doug Judy anampenda Jake mno kumdhuru. Kipindi kilidumu misimu 8, na mtu huyu alitokea kwa kisa kimoja tu katika kila msimu. Angekuwa anaonekana kila wiki, polisi anayeshindwa kumkamata angekuwa mzembe. Mara moja kwa mwaka, ni sikukuu.

Parks and Recreation (2009–2015), kuhusu idara ya bustani na burudani katika mji wa kubuni wa Pawnee, jimbo la Indiana, ilikuwa na ghala zima la maadui wa kipimo. Kila mtu kundini alikuwa na wake. Ron Swanson, mwanamume wa nyama, mbao na maneno machache, ana wake wawili wa zamani, wote wakiitwa Tammy, na mama yake pia anaitwa hivyohivyo. Tammy wa pili, anayefanya kazi maktaba, akiingia tu chumbani, mwamba yule anayeyuka na kuwa mtumwa. Na aliyemwigiza, Megan Mullally, ni mke halisi wa Nick Offerman aliyemwigiza Ron, jambo linaloeleza ni kwa nini wawili hao hawana haya hata kidogo mbele ya kamera. Leslie Knope, anayeipenda serikali ya mji kama wengine wanavyopenda watoto wao, ana diwani Jamm, daktari wa meno asiye na nia yoyote njema, anayefurahia kukwamisha kwa sababu ya utamu wa kukwamisha. Jamm anaharibu hadi harusi ya Leslie, na Ron anamchapa ngumi.

Halafu katika msimu wa mwisho waandishi wakawakutanisha. Jamm akawa mikononi mwa Tammy wa pili, amegeuzwa na kunyonywa, na Leslie na Ron wakalazimika kumwokoa mtu waliyemtamani aanguke. Adui mmoja kuliwa na mwingine: kisa hicho kisingewezekana kama maadui hao wangekuwa wameshindwa na kuondoka mapema.

Ila nikiulizwa adui halisi wa Leslie ni nani, sitamtaja Jamm. Ni wananchi wa Pawnee wenyewe, wale wanaosimama kwenye mikutano ya hadhara na kulalamikia mambo yasiyo na kichwa wala miguu, ambao baada ya yote aliyowafanyia walipiga kura kumwondoa kwenye udiwani. Hawana jina, hawana kiongozi, na yeye hawezi kuwachukia kwa sababu wao ndio kazi yake.

Baadhi ya maadui hawagongi mlango kabisa, kwa kuwa wana funguo. Katika Taxi (1978–1983), madereva wa teksi New York walikuwa chini ya Louie De Palma, mgawa kazi aliyeigizwa na Danny DeVito. Louie ni mchoyo, mwongo, mla rushwa, na anafanya kazi akiwa ndani ya kizimba cha nondo katikati ya gereji. Sijui kama kuna samani iliyowahi kufanya kazi nzuri hivyo katika sitkomu. Kizimba kinamweka juu kidogo ya wote, kinamlinda wasimfikie, na wakati huohuo kinamfanya aonekane mnyama wa kuonyeshwa watu. DeVito alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo mwaka 1981.

Wengine waligonga, wakafunguliwa, wakakataa kutoka. Septemba 1984 baa ya Cheers, katika sitkomu ya jina hilohilo, ilimpokea mtaalamu wa magonjwa ya akili aitwaye Frasier Crane. Aliingizwa kama kikwazo tu: mpenzi mpya wa mhudumu Diane, msomi mwenye maringo, wa kusimama kati ya Diane na mwenye baa, Sam, kwa sehemu chache kisha aende zake. Lakini Kelsey Grammer alimfanya achekeshe kila alipojikweza, akabaki hadi baa ilipofungwa 1993, kisha akapewa kipindi chake mwenyewe kilichoishi misimu 11. Kikwazo cha wiki chache kilikuwa kimekaa hewani miaka 20.

Sam yule aliigizwa na Ted Danson, ambaye baadaye alipewa kazi inayoyafanya haya yote yaonekane kwa macho. Katika The Good Place, iliyoanza 2016, yeye ni Michael, mwenyeji mpole wa mtaa wa peponi wanakofika marehemu wanne. Mwishoni mwa msimu wa kwanza inafichuka kwamba pale si peponi. Michael ni shetani aliyebuni mateso ya aina mpya: badala ya moto na misumari, atawachagua watu wanne wenye kasoro zinazochokozana, awaweke pamoja na kuwaacha wateseane wenyewe. Kwa maneno mengine, kazi ya shetani huyu ni kuunda sitkomu ya kundi. Amechagua wahusika, ameandaa mandhari, anaandika visa, na hesabu yake ilikuwa sahihi isipokuwa kitu kimoja: ukiwaweka watu wasiopatana mahali pamoja kwa muda wa kutosha, wanaanza kusaidiana. Anafuta kumbukumbu zao na kuanza upya zaidi ya mara 800, na karibu kila mara wanamgundua. Mwishowe anachoka, anajiunga nao.

Inabaki sitkomu inayosimama upande wa pili kabisa. Seinfeld (1989–1998) ilikuwa na wabaya wanaotajwa mpaka leo: Newman, mfanyakazi wa posta, ambaye Jerry, mmoja wa marafiki wanne wa kipindi, alikuwa na namna ya kumsalimia iliyofanya jina tupu lisikike kama laana, na yule mpika supu asiyetaka mchezo kwenye foleni, aliyetokea 1995, ambaye ukikosea utaratibu anakunyang'anya supu. Mpika supu ana sheria zake, ana supu nzuri kuliko zote, na watu wanapanga foleni. Ukimtazama bila upendeleo, ni fundi anayelinda kazi yake. Newman naye ni mtu mvivu tu anayependa kula. Ubaya wao tuliupata kutoka kinywani mwa Jerry na wenzake watatu.

Tarehe 14 Mei 1998, Wamarekani takriban milioni 76 walitazama sehemu ya mwisho. Wanne hao wanashuhudia mtu akiporwa gari, wanasimama pembeni wakimcheka, na wanashtakiwa kwa kutomsaidia. Mwendesha mashtaka anaita mashahidi wa tabia yao, na hapo mlango wa mahakama unafunguka kwa watu wa miaka 9 iliyopita: waliodanganywa, waliotumiwa, walioachwa, waliochekwa. Mpika supu anapanda kizimbani. Kila mmoja tuliwahi kumcheka akiwa adui wa wiki, na kila mmoja sasa anasimulia kisa kilekile kutoka upande ambao kamera haikuwahi kukaa. Wengi waliichukia sehemu hiyo. Mimi naiona kuwa ya haki.

Wanahukumiwa mwaka mmoja jela. Wakiwa wamekaa ndani ya selo, Jerry anatazama shati la rafiki yake George na kumwambia kifungo cha pili kiko mahali pabaya. George anafikiri kidogo, kisha anauliza kama mazungumzo hayo hawakuwahi kuyafanya. Waliyafanya, mwaka 1989, katika maneno ya kwanza kabisa ya kipindi.